Binti ana miaka 6, mimi 37: je, ubongo wangu umeshafungwa?

Swali: Daktari, hujambo. Mimi ni fundi cherehani hapa soko la Kibuye, Kisumu, na nyumbani ni Ahero. Binti yangu wa miaka 6 alipimwa macho shuleni, jicho la kushoto likakutwa dhaifu. Amevaa miwani miezi minne, jicho likapanda kwenye chati ya herufi kutoka 6/36 hadi 6/24, kisha likakwama. Sasa tumepewa plasta ya kufunika jicho zuri, muda wa saa mbili kila siku. Mimi mwenyewe jicho langu la kushoto ni hivyo hivyo tangu utotoni, lakini nilipouliza habari yangu niliambiwa, "Samaki mkunje angali mbichi, wewe mama umeshakauka." Kwa nini ubongo wa mtoto ukubali na wangu ukatae? Shemeji yangu amesoma kwenye simu kwamba kuna dawa ya wagonjwa wa huzuni inayofungua ubongo upya, ananihimiza niitafute dukani. Tena mama mkwe wangu, miaka 74, alitolewa mtoto wa jicho mwaka jana na analalamika kwamba anaona lakini penye watu wengi "havieleweki". Je, haya yote ni kitu kimoja?

Jibu: Sijambo, mama, na pole kwa yale maneno uliyoambiwa. Methali ni ya kweli, ila aliyekupa hakukumbuka kwamba anazungumza na mtu wa kando ya ziwa. Umepika obambla, bila shaka. Samaki yule amepasuliwa akaanikwa hadi akawa kama ubao, na ukimkunja hivyo anavunjika. Mlaze majini usiku kucha, asubuhi analainika. Hawi mbichi tena, ladha imebadilika na nyama pia, lakini anakunjika. Kilichomkausha si siku zilizopita. Ni jua na chumvi. Ubongo wa kuona nao haukauki kwa kupita kwa miaka tu. Unakaushwa, na vinavyoukausha ni kemikali ambazo ubongo wenyewe unazitengeneza kwa kazi hiyo. Nikijibu swali lako lote kwa sentensi moja, ni hiyo. Lakini wewe hukuuliza sentensi moja, kwa hiyo tuketi.

Jicho vivu, ambalo kitaalamu huitwa ambliopia, si ugonjwa wa jicho. Nikimtazama binti yako kwa taa yangu nategemea kuona lenzi safi, retina (utando wa nyuma unaopokea picha) safi, na mshipa wa neva wenye rangi yake ya afya. Tatizo liko nyuma. Weka kiganja kisogoni, pale penye kinundu cha mfupa. Ndani ya mfupa huo ndimo picha za macho yote mawili zinamopokelewa na kuunganishwa ziwe picha moja. Kwa watoto wengi wa aina ya binti yako, jicho moja tangu mwanzo lilihitaji lenzi nzito kuliko lingine. Ni kama ubongo ulikuwa ukiletewa barua mbili kila siku, moja ikisomeka vizuri na nyingine imelowa mvua, nao ukazoea kusoma ile inayosomeka. Baada ya miaka, seli za kisogoni zilizokuwa za jicho la kushoto zinakuwa zimehamia kulitumikia jicho la kulia. Miwani inakausha barua iliyolowa, lakini msomaji hana tena tabia ya kuifungua.

Nikimfunika mtoto wa namna hii jicho bovu, anaendelea kutaja herufi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikifunika lile zuri, mkono wake unainuka kabla sijamaliza, ananisukuma kiganja, anageuza shingo kutafuta upenyo kando ya pua. Wazazi hudhani ni utundu. Si utundu hata kidogo: ameingizwa gizani ghafla na anatafuta mlango. Na wewe unalijua jambo hili kwa vidole vyako. Mafundi wenye jicho vivu ninaowaona wengi hutunga sindano kwa kugusa: ncha ya uzi hugonga kwanza ubavu wa sindano, kisha huteleza polepole hadi tunduni. Kujua kwamba uzi uko mbele au nyuma ya tundu kwa upana wa unywele kunatokana na seli za kisogoni zinazolinganisha macho mawili kwa wakati mmoja, na kwako seli hizo hazikupata kazi zilipokuwa changa.

Waliotuonyesha kwamba mambo haya yako kwenye ubongo ni David Hubel, mzaliwa wa Kanada, na Torsten Wiesel wa Uswidi, wakifanya kazi Marekani. Mwaka 1963 walichapisha majaribio yao ya paka wachanga. Walifumba jicho moja kwa kushona kope, wakaja kulifungua baada ya wiki kadhaa. Jicho lilikuwa zima. Lakini walipochomeka waya mwembamba kisogoni na kusikiliza seli moja moja, karibu zote zilijibu lile jicho lililoachwa wazi. Walipofanya hivyo hivyo kwa paka aliyekwisha komaa, hata kwa miezi, hakuna kilichobadilika. Na kwa paka wa wiki ya 4 au ya 5, siku 3 au 4 tu zilitosha kuharibu. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na kipindi hicho cha hatari na neema tukakiita kipindi nyeti.

Kwa muda mrefu fundisho hilo lilishikwa kama ukuta wa udongo: ukandike ukiwa bichi, ukikauka basi. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Mwanzoni mwa kazi yangu alikuja mama na kijana wa miaka 11 ambaye hakuwahi kutibiwa, nikawaambia wamechelewa, nikaandika miwani, nikawaaga. Jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo, kwa sababu mwaka 2005 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuata watoto na vijana 507 wa miaka 7 hadi 17. Kwa wale wa miaka 7 hadi 12, waliopewa miwani pamoja na matibabu ya jicho zuri, asilimia 53 walipiga hatua nzuri, dhidi ya asilimia 25 ya waliopewa miwani peke yake. Hata kwa wale wa miaka 13 hadi 17, waliokuwa hawajawahi kutibiwa kabla, asilimia 47 walipiga hatua dhidi ya 20. Yule kijana hakuwa amechelewa. Niliyechelewa kujua ni mimi.

Basi kama mlango haufungwi siku moja, nani anaufunga, na kwa kufuli gani? Hapa ndipo kemikali zinapoingia, na naomba uvumilie kidogo maana hapa ndipo penye utamu.

Seli za ubongo huzungumza kwa kurushiana kemikali. Ya kuchochea, inayoiambia seli jirani "sema", ni glutamati. Ya kutuliza, inayoiambia "nyamaza", inaitwa GABA. Ubongo hutengeneza GABA kutoka kwenye glutamati ile ile, kwa kuiondolea kipande kimoja kidogo. Mtu angetegemea kwamba ubongo wa mtoto unajifunza upesi kwa sababu bado hauna cha kuunyamazisha. Kumbe ni kinyume. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Takao Hensch na wenzake walichapisha habari za panya waliozaliwa bila kimeng'enya kimoja cha kutengenezea GABA. Panya hao ukiwafumba jicho wakiwa wachanga, kisogo chao hakibadiliki. Kipindi nyeti hakifunguki kabisa. Wakapewa diazepamu, dawa ile ile tunayompa mtu aliyeshikwa na degedege, ambayo kazi yake ni kuipa GABA nguvu, na kipindi kikafunguka. Baadaye ikaonekana kwamba panya hao hata wakisubirishwa hadi utu uzima, ukiwapa dawa hiyo mlango unafunguka, mara moja tu, kisha unajifunga.

Kwa nini kutulizwa kufungue masomo? Wewe uko Kibuye, unajua Jumapili inavyokuwa. Spika ya mwenye mitumba, kondakta wa matatu, muuza dawa ya kunguni, wote kwa pamoja. Ukiambiwa ujue wateja wawili wanazungumza jambo moja au mawili tofauti, huwezi, si kwa sababu huna masikio, ila kwa sababu ya kelele. Seli changa ya kisogoni iko katika soko hilo. Ili ilinganishe jicho la kulia na la kushoto, nani kafika kwa wakati na nani kachelewa, sharti mtu aizime ile fujo. Seli za GABA ndizo zinazoizima. Zinakomaa polepole kadiri mtoto anavyotazama dunia, zikisaidiwa na protini inayolisha neva iitwayo BDNF. Wanyama wa majaribio wakilelewa gizani, ukomavu huo unachelewa, na kipindi nyeti kinachelewa pamoja nao. Kwa maneno mengine saa hii haihesabu siku za kuzaliwa peke yake. Inahesabu pia mwanga ulioingia.

Utulivu ukizidi, sasa, unakuwa kufuli. Zile seli za GABA zinapokomaa kabisa huanza kufumwa wavu kuzizunguka, wavu halisi wa protini na sukari, wenye matundu, ungeufananisha na nyavu zinazoanikwa ufukweni Dunga. Maungio ya seli na jirani zake yaliyomo kwenye matundu hayo yanakaa palepale. Huko Pisa, Italia, mwaka 2002, watafiti waliweka kimeng'enya cha kuyeyusha wavu huo kwenye kisogo cha panya wakubwa, na panya hao wakaanza tena kubadilika kama wachanga. Breki nyingine ni protini iitwayo Lynx1. Umbo lake lina udugu na sumu ya nyoka wa jamii ya fira, na hukalia vipokezi (milango ya seli inayopokea kemikali) vya asetilikolini, kemikali inayomwagwa kisogoni mtu anapokaza macho na kuwa makini. Mwaka 2010 kundi la Hensch lilionyesha kwamba panya waliozaliwa bila Lynx1 hubaki na ubongo unaobadilika hata ukubwani. Tena vipokezi vya glutamati navyo hubadilishwa: vya utotoni hukaa wazi kwa muda mrefu kidogo kila vinapoguswa, vya ukubwani hufungwa haraka, kwa hiyo matukio mawili sharti yakaribiane zaidi ili seli iyaunganishe.

Nataka ulione hili vizuri kwa sababu ndilo lililokuumiza. Uwezo haukufa. Umewekewa breki. Na breki hizo hazikuwekwa kwa ubaya. Fundi akirukiwa na uchafu jichoni akafungwa bandeji siku nne, angetoka na jicho vivu kama ubongo wake ungekuwa wa paka wa wiki tano. Ubongo wa mtu mzima unalinda kilichokwisha kujengwa. Wa mtoto haujapata ulinzi huo bado, na ndiyo maana nitakusisitizia hapo chini habari ya kurudi kliniki.

Nije kwa shemeji. Mheshimu, maana alichosoma kipo. Mwaka 2008, kule kule Pisa, panya wakubwa wenye jicho vivu walinyweshwa fluoksetini, dawa ya huzuni inayoongeza serotonini, na jicho likarudi kuona. Breki ya GABA ilikuwa imepungua, BDNF imepanda. Sisi tunaotibu macho tulifurahi sana. Kisha wakajaribiwa watu. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya Finland: watu wazima wenye jicho vivu walifanya mazoezi ya kuona kwenye kompyuta kwa wiki kadhaa, nusu wakimeza fluoksetini, nusu wakimeza kidonge kisicho na dawa, wala hawakujua nani kapewa nini. Makundi yote mawili yaliongeza chini kidogo ya mistari miwili kwenye chati. Dawa haikuongeza kitu juu ya mazoezi. Levodopa, dawa ya kuongeza dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, nayo ilijaribiwa Marekani kwa watoto 139 wa miaka 7 hadi 12, matokeo yakatoka mwaka 2015, na tofauti na kidonge kitupu ilikuwa ndogo mno kuwa na maana.

Kwa hiyo usiitafute dukani, mama. Fluoksetini ni dawa nzuri kwa mwenye ugonjwa wake, chini ya daktari anayemfuatilia. Ukiimeza ovyo inaweza kugongana na dawa nyingine, na kwa vijana inaweza mwanzoni kuongeza mawazo ya kujidhuru, basi isikae hata kwenye kabati ambalo binti anafikia. Na kuna hatari ya pili ambayo simu haikumwambia shemeji. Ubongo wako umejifunza kulizima jicho la kushoto, na kuzima huko kunakukinga. Ukilegeza breki bila macho mawili kujifunza kushirikiana, unaweza kuishia kuona vitu viwili viwili: sindano mbili, mishono miwili. Kwa mtu anayekula kwa cherehani hilo si jambo la kujaribu peke yake.

Sasa wewe na miaka yako 37. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha vipimo vya protini za glutamati katika sehemu ya kuona ya bongo za watu 30 waliokwisha fariki, mdogo wao akiwa na siku 20, mkubwa karibu miaka 80. Tulikuwa tukiamini sehemu hiyo hukomaa utotoni. Wao waliona protini hizo zikiendelea kubadilika hadi karibu miaka 36, wengine mapema kidogo, wengine baada ya 40. Sisemi kwamba kisogo chako kilikuwa wazi kama cha mtoto hadi juzi. Nasema kwamba aliyekuambia umekauka tangu utotoni alikuwa anasoma kalenda iliyopitwa na wakati.

Kuna ushahidi wa kuona kwa macho pia. Uingereza, mwaka 2002, waliwatazama watu wenye jicho vivu waliopoteza uwezo wa jicho lao zuri kwa ajali au ugonjwa. Karibu mmoja kati ya kumi jicho vivu liliamka lenyewe, likaongeza mistari miwili au zaidi. Mmoja kati ya kumi ni wachache, na singependa uwe na matumaini ya uongo, lakini ubongo uliokufa hauamki hata mara moja. Na Claudia Lunghi wa Italia na wenzake walionyesha jambo lililonishangaza: mtu mzima mwenye macho mazuri ukimfunika jicho moja kwa dakika 150, ukilifunua, lile lililofunikwa ndilo linalokuwa na nguvu zaidi kwa muda. Mwaka 2015 walipima kwa mashine ya sumaku na kukuta GABA ya kisogoni imeshuka wakati huo, na kadiri ilivyoshuka ndivyo jicho lilivyopata nguvu. Miaka minne baadaye wakawajaribia watu wazima 10 wenye jicho vivu: wakafunikwa jicho bovu, si zuri, huku wakiendesha baiskeli ya mazoezi, na wakaona maendeleo. Watu 10 ni wachache sana. Nakutajia ili ujue kazi inaendelea, si ili ujifunike. Na kwa binti usigeuze kamwe: kwake linafunikwa lililo zuri.

Ushauri wangu kwako ni upimwe upya. Inawezekana hujawahi kuvaa miwani iliyolingana na jicho hilo la kushoto, na wakati mwingine hatua ya kwanza iko hapo tu. Nenda hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu, ile wazee bado wanaiita Russia, au ukiwa na safari ya Vihiga pita hospitali ya macho ya Sabatia. Waulize kama wanaweza kukusimamia mazoezi, na kama ukianza kuona viwili, acha siku hiyo hiyo na urudi. Tegemea mstari mmoja, pengine miwili, kwa kazi ya miezi. Kuona kina kama aliyezaliwa nacho sikuahidi, ingawa hata hilo limetokea: Susan Barry, mwalimu wa elimu ya neva huko Marekani aliyekuwa na makengeza tangu uchanga, alianza kuona kina akiwa na miaka 48 baada ya mazoezi marefu.

Binti ndiye mwenye haraka. Kwa jicho la 6/24, saa mbili alizoandikiwa zinatosha. Mwaka 2003 walilinganishwa watoto wenye jicho vivu la kadiri waliofunikwa saa mbili na waliofunikwa saa sita, na baada ya miezi minne walikuwa sawa. Usimwongezee kwa huruma ya kutaka apone upesi. Plasta ibandikwe juu ya ngozi, chini ya miwani, si juu ya kioo, maana watoto huchungulia pembeni na ukichungulia mara tatu zoezi limekwisha. Joto la huko kwenu nyanda za Kano linalegeza gundi na kuleta vipele, kwa hiyo mfute jasho kwanza, na afadhali umfunike jioni akitoka shule kuliko darasani ambako atachekwa na kukosa ubao. Afanye anachokipenda. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulilinganisha kazi za karibu na za mbali wakati wa kufunikwa na haukupata tofauti, basi kama anapenda kuchambua mchele au kuchora, sawa, kama anapenda kudaka mpira, sawa pia. Mimi huwaomba tu wazazi mtoto asilale na plasta wakaihesabu. Asetilikolini na noradrenalini humwagwa mtoto akiwa macho na akijali anachokitazama, na paka walioondolewa kemikali hizo zote mbili katika jaribio la mwaka 1986 hawakubadilika ingawa jicho lilikuwa limefumbwa. Jicho lililofungwa peke yake halifundishi. Mfundishaji ni mtoto mwenyewe akitaka kuona kitu.

Siku za kwanza atalia. Atakugonga mkono kama wanavyonigonga mimi. Kaa naye. Mpe vifungo vyako vya nguo avitenganishe kwa rangi, vikubwa kwanza, wiki ijayo vidogo.

Mrudishe kliniki kila baada ya wiki sita hadi nane, na wapime macho yote mawili, si lile dhaifu tu, kwa sababu ubongo uliofunguka unaweza pia kulisahau jicho zuri likifunikwa kupita kiasi. Plasta ikimchosha kabisa, uliza habari ya matone ya atropini, ambayo hutia ukungu jicho zuri badala ya kulifunika. Mwaka 2002 yalionekana kufanya kazi karibu sawa na plasta baada ya miezi sita. Na akifika 6/9 usiitupe plasta kwa shangwe. Kwa watoto walioacha matibabu, karibu robo walirudi nyuma ndani ya mwaka mmoja, basi apunguziwe hatua kwa hatua na aendelee kuvaa miwani.

Mama mkwe ni habari nyingine, ingawa inakutana na yenu kwa GABA. Kwanza apimwe jicho lenyewe: namba ya miwani baada ya upasuaji, utando unaoweza kuota nyuma ya lenzi mpya, na presha ya macho. Hayo yote yakiwa sawa ndipo tunafikiria kisogo. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi ya nyani wazee sana ambao seli zao za kuona zilikuwa zimepoteza uchaguzi. Seli iliyotakiwa kujibu mstari uliosimama tu ilikuwa ikijibu kila kitu, wima, mlazo na mshazari. Walipodondoshewa GABA kidogo palepale penye seli, zikarudi kuchagua kama za ujana. Inaelekea basi kwamba uzeeni ule utulizaji unapungua na soko linarudi kuwa na kelele, na ndivyo anavyokueleza mama mkwe kwa maneno yake mwenyewe. Kelele ya uzeeni haileti tena ule ulaini wa kujifunza wa mtoto. Asipewe diazepamu kwa ajili hiyo, wazee huyumba nayo na kuanguka. Mpeni mwanga wa kutosha, ongeeni naye mkiwa mbele yake, na sokoni mshikeni mkono.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Jicho lako la kulia ndilo linalokulisha wewe na binti. Sindano ya cherehani ikivunjika kwenye jinzi nzito, kipande huruka juu kuelekea usoni. Ukienda kupimwa, waombe lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka kirahisi, hata kama namba ni sifuri upande huo, na uzivae kila unapoketi kwenye mashine.